Kuhamishia Tovuti ya Chuo Kikuu kwenye Mfumo wa Kusimamia Maudhui

Chuo kikuu cha Moshi au Arusha kinachohamishia tovuti yake kwenye mfumo wa kusimamia maudhui, yaani programu ya kuandika na kuchapisha kurasa za tovuti, kama Drupal, uliotolewa mwaka 2001, au WordPress wa mwaka 2003, kianze na watu kabla ya programu. Kila idara iteue mtumishi wa kuwajibika kwa kurasa zake, kwa kuwa kurasa zisizo na mwenyewe ndizo hubaki na ada za miaka iliyopita, na mwombaji huziamini. Kurasa zilizopitwa na wakati zifutwe, na anwani za zamani zielekezwe kwenye mpya. Mhariri wa idara aandike, ofisi ya mawasiliano ichapishe. Lakini idhini isicheleweshwe, la sivyo wahadhiri watarudi kutangaza ratiba kwenye makundi ya WhatsApp. Nakala rudufu za tovuti zihifadhiwe nje ya seva, yaani kompyuta inayoiendesha.