Somo: Madoa meupe kwa samaki wa tangi, na kwa nini yanarudi baada ya dawa

Samaki akianza kujisugua kwenye mawe huku mapezi ameyabana, usikimbilie dawa. Pima maji. Amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, zote zinatakiwa zisome 0. Zikipanda, samaki hujikuna na kuhema juu ya maji kama mwenye vimelea, na dawa itamzidishia mzigo. Hapo badilisha maji asilimia 30 hadi 50, yasiyo na klorini na yenye joto lilelile, umtazame tena kesho yake.

Maji ni safi lakini mwilini kuna punje nyeupe kama za chumvi, zinazohesabika? Hayo ndiyo madoa meupe, kazi ya kimelea Ichthyophthirius multifiliis. Vumbi laini la rangi ya dhahabu ni ugonjwa mwingine. Utando kama pamba mdomoni au mgongoni mara nyingi ni bakteria, na huo usiupashie maji moto, utaenea haraka zaidi.

Kile kidoa ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi, dawa haikifikii. Kikishiba hudondoka chini, hujifungia ganda, hugawanyika kuwa mamia ya watoto wanaoogelea kumtafuta samaki. Dawa huua waogeleaji hao tu. Kwenye nyuzi 25 mzunguko mzima ni kama wiki moja. Maji ya baridi huurefusha hadi wiki kadhaa. Ndiyo maana tunapandisha joto: kuuharakisha.

1. Toa mkaa kwenye filta, maana hunyonya dawa. Sponji iache.

2. Pandisha joto nyuzi 1 kila saa 6 mpaka 29 au 30, kama aina ya samaki wako inavumilia. Ongeza pampu ya hewa: maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na matamvua yaliyoshambuliwa tayari yanahangaika.

3. Chumvi gramu 2 kwa lita. Pima ujazo halisi: sm 60 × 30 × kina cha maji 28, gawa kwa 1000, ni lita 50, toa changarawe, baki 45. Hiyo ni gramu 90. Iyeyushe pembeni, mimina theluthi kila saa 12. Kambare wadogo wasio na magamba wape nusu ya kipimo. Mimea laini inaweza kuungua.

4. Kila siku ya pili fyonza changarawe, ndiko maganda yaliko, ukitoa robo ya maji. Ukitoa lita 12, rudisha gramu 24 tu. Maji yaliyopungua kwa mvuke yajazie bila chumvi, kwani chumvi haikuondoka nayo.

5. Endelea siku 7 baada ya doa la mwisho kupotea.

Ukitumia dawa ya dukani, fuata kipimo cha chupa, usirundike dawa mbili.

MASWALI

– Mkuu, siku ya nne madoa yameisha yote. Niache?
Hapana. Yamedondoka, hayajafa. Ukiacha hapo, yatarudi mengi kuliko mwanzo.

– Nina kamba na konokono humo ndani.
Dawa yenye shaba itawaua. Hamishia samaki wote tangi la pembeni, uwatibu huko. Tangi kubwa likae bila samaki wiki mbili kwenye nyuzi 28: waogeleaji wasipopata samaki hufa ndani ya siku mbili hivi.

– Wangu kavimba tumbo, magamba yamesimama ukimtazama kwa juu. Chumvi hiyohiyo?
Hayo si madoa meupe. Mara nyingi figo zimeshashindwa, na wanaopona ni wachache. Mtenge, pima maji ya wenzake.

– Samaki mpya nimkalishe pembeni siku ngapi?
Wiki 4, na asitumie neti ya tangi kubwa. Kama neti ni moja, ikauke kabisa kwanza. Kimelea hiki hakivumilii ukavu.