Maji ya ziwa yamegeuka kijani? Yapime kwa chupa kabla hujachota

Wadau wa Mwanza, hasa nyie mnaochota ziwani au watoto wenu hawatoki majini huko Luchelele na Igombe, hii inawahusu. Kuna kijani cha kawaida na kuna kijani cha kuogopa, na kutofautisha wala hakuhitaji maabara.

Anza na kijiti kirefu, kitumbukize kwenye ule ukijani halafu kitoe. Kikija na nyuzinyuzi ndefu zinazoning'inia, huo ni mwani wa kawaida. Kikitoka kimepakwa kijani kama umekichovya kwenye kopo la rangi, hapo shtuka, inawezekana ni sayanobakteria, yaani bakteria wa kijani wanaoweza kutoa sumu. (Magugu maji ni habari nyingine, yale ni mimea, majani na mizizi unaiona.)

Sasa chupa. Vaa glavu, tafuta chupa safi inayoonyesha ndani, chota ila usijaze, acha kama robo tupu, funga, iweke mahali haitikiswi mpaka kesho asubuhi. Kijani kikizama chini, mara nyingi ni mwani tu. Kikipanda juu kikatanda, hao ndio wenyewe, maana jamii kama Maikrosistisi ndani ya seli zake kuna vijipochi vya hewa vya kuelea. Ila kipimo hiki kinakuonyesha mdudu, hakikuonyeshi sumu, na wapo wengine wabaya ambao hawaelei, kwa hiyo kisipopanda usishangilie sana.

Sasa pale wengi tunapopigwa: kuchemsha. Sumu yao, maikrosistini, inayoshambulia ini, haifi kwa moto, tena ukichemsha seli zinapasuka na sumu yote inabaki kwenye sufuria yako, na kidonge cha klorini nacho kinaweza kufanya hivyohivyo. WHO wenyewe kwa maji ya kunywa kila siku wameweka mwisho mikrogramu 1 kwa lita, uone ilivyo kali. Kuchuja kwa kitambaa kunatoa utando, sumu iliyoyeyuka inapita. Siku maji yakiwa hivyo tumia bomba au kisima, na ng'ombe nao wanyweshwe kwingine.

Upepo ukivuma kuja nchi kavu ndio utando unasukumwa mpaka ufukweni, kwa hiyo jana pasafi leo pachafu, angalia kila siku. Sato toa utumbo na maini, utupe. Samaki waliokufa wanaelea usiokote, hata wakiwa wanono. Mtoto aliyeoga humo aoshwe kwa maji safi na sabuni, akianza kutapika au kuharisha kimbia zahanati na uwaambie kabisa alikuwa ziwani.