Namna ya kuchora na kusoma mwelekeo wa uzazi wa mabinti England na Wales

Kabla hujafungua Excel, amua unahesabu nini. Ofisi ya Takwimu ya Taifa (ONS) hutoa majedwali mawili ambayo watu huyachanganya kila mara: la watoto waliozaliwa kwa umri wa mama, na la mimba. La mimba hujumlisha zilizofikia kujifungua na zilizotolewa kisheria. Zilizoharibika zenyewe hazimo. Umri nao haufanani: kwenye uzazi ni umri wa mama siku ya kujifungua, kwenye mimba ni umri uliokadiriwa wakati mimba ilipotungwa. Binti aliyeshika mimba akiwa na miaka 17 na miezi 8 yumo katika mimba za "chini ya 18", ila akijifungua baada ya miezi tisa atakuwa ameshafika 18. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina ofisi zao za takwimu, kwa hiyo usigawe kwa idadi ya watu wa Uingereza nzima.

Kwa kiwango cha uzazi, chukua watoto waliozaliwa na mama wa chini ya miaka 20, gawa kwa idadi ya wanawake wa miaka 15–19 ya katikati ya mwaka, kisha zidisha kwa 1,000. Kwa mimba za chini ya 18, kigawanyo ni wanawake wa miaka 15–17 tu. Ukiweka 15–19 hapo kwa bahati mbaya, kiwango kitashuka kwa takriban asilimia 40 bila chochote kubadilika mitaani.

Pakua mfululizo mzima kutoka toleo moja, la karibuni zaidi. Kila baada ya sensa, makadirio ya watu ya miaka iliyotangulia husahihishwa, na viwango hufuata. Kiwango cha mimba za chini ya 18 England kwa mwaka 2010 kilitangazwa kwanza kuwa 35.4, kisha kikawa 34.2 baada ya sensa ya 2011. Ukiunga toleo la zamani na jipya, grafu itakuwa na ngazi ambayo haikutokea.

Sasa usomaji. Uzazi wa chini ya miaka 20 England na Wales ulikuwa takriban 51 kwa kila wanawake 1,000 mwaka 1971, ukashuka hadi 28 mwaka 1981, ukapanda hadi 33 mwaka 1991, ukarudi 28 mwaka 2001, kisha 21 mwaka 2011. Ukiunganisha ncha mbili tu kwa rula, unaficha kilima chote cha miaka ya 1980.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza: karibu robo tatu ya uzazi ule wa 1971 ulikuwa ndani ya ndoa, na wengi wa akina mama hao walikuwa na miaka 18 au 19. Basi usiuite moja kwa moja janga la mimba za utotoni. Sehemu ya mteremko uliofuata ni ndoa kucheleweshwa. Tenganisha 15–17 na 18–19 uone. Sheria ya utoaji mimba ilianza kutumika Aprili 1968, na uzazi wa mpango ukawa bure mwaka 1974, kwa hiyo weka mstari wa mimba kando ya ule wa uzazi. Siku hizi zaidi ya nusu ya mimba za chini ya 18 huishia kutolewa.

Weka alama pia Oktoba 1995, tahadhari ilipotolewa kuhusu baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango na kuganda kwa damu. Mimba zilipanda mwaka 1996. Mkakati wa serikali wa 1999 ulitaka kiwango cha England cha 1998, yaani 46.6, kipungue kwa nusu ifikapo 2010. Haikuwezekana kwa wakati. Mwaka 2014 kiwango kilikuwa 22.8. Kuupa mkakati sifa yote ni haraka mno, kwani mteremko mkali zaidi ulikuja mwishoni mwa muda wake na baada yake.

Ukishuka hadi ngazi ya halmashauri, punguza kasi. Chukua eneo lenye wasichana 1,500 wa miaka 15–17 na mimba 27: kiwango ni 18. Mimba tatu zaidi, kinakuwa 20. Kwa bahati tu, 27 hiyo ingeweza kuwa popote kati ya 17 na 37 hivi, yaani kiwango cha 11 hadi 25. Tumia wastani wa miaka mitatu, na chora kipimo cha shaka juu na chini ya kila nukta.