Safari ya kupiga picha za wanyama Ndutu: ongeza masaa, punguza mbuga

Mara ya kwanza naenda kaskazini na kamera nilichukua ile paketi ya siku nne mbuga nne, Tarangire, Manyara, Kreta ya Ngorongoro, Serengeti, garini tuko saba, nikarudi Dar na picha elfu mbili na kitu ambazo nusu yake ni makalio ya twiga na kofia ya mama mmoja aliyekaa siti ya mbele yangu. Dereva hakuwa na kosa, ratiba ndo ilivyokuwa, simba huyo kalala chini ya mgunga, dakika tano, twende kuna tembo mbele, tembo dakika tano, twende tutachelewa geti. Kutalii tulitalii kweli. Picha sasa, hamna.

Kwahiyo kama unataka picha, chagua sehemu moja ukae hapo siku nne au tano. Mi nitaongelea Ndutu mwezi wa pili maana ndo sehemu ambayo hata mtu mwenye kamera ya kawaida anarudi na kitu.

Kwanini Ndutu? Ule uwanda wa kusini mwa Serengeti udongo wake ni majivu ya volkano, Ol Doinyo Lengai na wenzake wamemwaga pale miaka na miaka, nyasi zinaota fupi na zina madini ambayo nyumbu mwenye mimba anayahitaji, basi kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa tatu wanajazana pale kuzaa, na mwezi wa pili ndo kilele. Wakizaa, fisi, duma, simba, mbweha na tai wote wanajua. Kwa mpiga picha raha nyingine ni hizo nyasi zenyewe, fupi, hakuna jani linalokatiza usoni kwa mnyama. Na upande ule uko chini ya Mamlaka ya Ngorongoro sio TANAPA, shirika la hifadhi za taifa linalosimamia Serengeti, kwahiyo gari inaruhusiwa kutoka barabarani kumsogelea mnyama kwa utaratibu, wakati ukivuka ukaingia Serengeti ukachepuka nje ya njia hiyo ni faini. Mpaka wenyewe hauna ukuta wala uzio, ndo maana unataka dereva anayepajua sio wa kubahatisha.

Likizo yako ikiangukia mwezi wa nane usiende Ndutu ukitegemea nyumbu, wakati huo wako juu kabisa Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, na ng'ambo ya pili Maasai Mara, Kenya, wanavuka mto Mara. Mwezi wa nne na wa tano masika, bei zinashuka na mawingu yanapendeza, ila udongo mweusi ukilowa unaweza ukalala humohumo kwenye gari.

Kuhusu kuingia. Kutoka Arusha ni Mto wa Mbu, Karatu, geti la Loduare, lami inaishia hapo, alafu vumbi. Watu wa Mwanza wanaingilia geti la Ndabaka na kuikatiza Serengeti, ila hapo utalipa mamlaka mbili, TANAPA na Ngorongoro. Malipo ni kwa kontrol namba, yamalize ukiwa bado mjini mtandao unashika, na beba kitambulisho halisi sio picha ya kitambulisho kwenye simu, maana bei ya raia kwa shilingi na bei ya mgeni kwa dola ni mbingu na ardhi.

Alafu kuna hili ambalo wengi hawalipigii hesabu, kiingilio ni cha masaa 24. Ukikimbilia kuingia saa mbili asubuhi, siku ya mwisho saa mbili asubuhi unatakiwa uwe umetoka, yani asubuhi yako ya mwisho na mwanga wake wote unaitumia kukimbilia geti. Ingia saa saba mchana. Mchana huo jua ni kali na picha ni mbaya hata hivyo, hukosi kitu, na siku ya kuondoka unabaki na asubuhi nzima.

Gari sasa. Land Cruiser inayofunguka juu, watu watatu mpaka wanne, kila mtu na dirisha lake pande zote mbili. Gari inakodishwa kwa siku sio kwa kichwa kwahiyo tafuta wenzako mchange, lakini tafuta WAPIGA PICHA. Usimchukue shemeji ambaye baada ya nusu saa kwa duma aliyelala atauliza kwani tunasubiri nini. Nasema hivi kwa uzoefu na undugu upo bado, ila safari ilikuwa ngumu. Noah sijui RAV4 ya rafiki iacheni Karatu. Na dereva mwambieni kabisa kabla hamjalipa, tunatoka saa 12 kamili asubuhi na chai tunabeba, hatutaki kuzunguka, tukipata mnyama tunakaa.

Lenzi, tusidanganyane, milimita 400 inafanya kazi nyingi na 600 ni raha zaidi, lakini kama una ile 70-300 kwenye kamera yenye sensa ndogo tayari inakupa kama 450 hivi, nenda nayo. Kukodi lenzi wiki moja ni akili kuliko kununua. Spidi ya shata usishuke chini ya 1/1000 ya sekunde mnyama akitembea haraka, ndege akiruka weka 1/2000, ISO, yani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iache ijipandishe yenyewe, chengachenga zinazotokea zinasafishika, picha iliyotikisika haisafishiki. Piga faili la RAW, lile ghafi ambalo kamera haijalibana. Mazoezi fanya kabla, kaa pembeni ya barabara kwenu jioni piga bodaboda zinazopita, ukiweza kumfuata bodaboda na lenzi kwa 1/30 akabaki ameeleweka na nyuma kumevurugika, duma hakusumbui. Ukipata wikendi nenda Mikumi kwanza ukafanye makosa yako huko, kutoka Dar ni karibu.

Tripodi acha nyumbani, kwenye gari haina pa kusimama. Mimi nashonesha mfuko wa jinzi wenye zipu, kama mto mdogo, nasafiri nao mtupu, tukifika Mto wa Mbu ambako mchele upo wa kumwaga nanunua kilo tatu nauweka humo. Unauweka dirishani, lenzi inalala juu yake kama mtoto mgongoni. Kisha mwambie dereva azime injini kila mkisimama, mtetemo wa dizeli unaingia kwenye picha bila wewe kujua. Na piga kupitia dirishani, ile paa iliyofunguliwa ni tamu kwa upepo na kuangalia mbali lakini ukimpiga mnyama kutokea juu anaonekana kama mbuzi wa sokoni, unataka lenzi iwe usawa wa macho yake.

Mwaka mmoja tulimkuta duma jike juu ya kichuguu saa moja na nusu asubuhi, magari kama sita yakaja, yakapiga, yakaondoka. Sisi tukabaki. Saa mbili, saa tatu, anapiga miayo tu, mwenzetu mmoja kalala kabisa. Saa nne kasoro nikaona ncha ya mkia imeacha kucheza, masikio yamelala, akashuka kwenye kichuguu taratibu kama mtu anayeshuka kitandani asiamshe mtoto. Dereva hakuwasha gari. Swala alikuwa upande wa kushoto wetu, mbali kidogo, na kilichofuata hakikufika hata nusu dakika, nilitoka na picha arobaini na kitu, tatu ndo za maana. Hizo tatu zinanitosha mpaka leo.

Hapo kwenye kutowasha gari msilete mzaha. Duma akiwa anawinda mkimkatisha mbele mnaweza kumkosesha chakula cha siku. Na nyumbu wadogo hivyohivyo, usikubali dereva apite katikati ya mama na ndama. Tulishaona ndama mpya kabisa, bado ana unyevu mgongoni, ananyanyuka anaangukia mdomo, ananyanyuka tena miguu inachezacheza kama meza mbovu, baada ya dakika chache anakimbia, na mama yake alivyoshtuka na gari jingine akatoka mbio, ndama akaja kusimama pembeni ya tairi letu akidhani sisi ndo mama. Ilibidi tukae kimya injini imezimwa mpaka mama aliporudi, na bahati alirudi, maana ndama wanaofuata magari wengi wanaishia kwa fisi.

Vumbi litakuua kamera. Usibadilishe lenzi ukiwa uwandani, kama una bodi mbili kila moja ibaki na lenzi yake, na gari ikitembea funika kila kitu na kitenge kilicholoweshwa kidogo kikakamuliwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea usije nayo, imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Droni pia sahau, bila kibali ni kesi. Betri beba tatu, kempu nyingi wanatumia sola na usiku wanazima, kwahiyo chaja ya kwenye gari ni lazima. Mchana saa sita mpaka tisa lala, au chaji, au futa picha mbaya, usimchoshe dereva kutembea kwenye jua la utosi. Jua linazama karibu saa moja jioni, mwanga mzuri unaanza kama saa kumi na moja na nusu, uwe umeshampata mnyama wako saa kumi na moja, maana huku kwetu jua likiamua kuzama halina maringo, na mnatakiwa kempu kabla ya giza.

Kila usiku nakili picha sehemu mbili kabla hujala. Kadi usiifute mpaka ufike nyumbani, hata kama imejaa, nunua nyingine. Mchele je? Siku ya mwisho tunaupeleka kwa mama ntilie mmoja Karatu, tunamwachia kilo tatu zilizobeba lenzi siku tano, anacheka, anapepeta mara mbili, anatupikia pilau.