Gari Lalia Likiwa Limesimama: Utafute Mlio Kabla ya Kufungua Nati

Malalamiko ninayoyasikia sana gerejini ni haya: "Fundi, likitembea halina neno, lakini nikisimama kwenye foleni ya feri Likoni laanza kulia." Hapo mwenye gari hungoja nimtajie kifaa papo hapo. Sitaji. Tik tik ile ile yaweza kuwa ni valvu, ni gasketi ya egzosti, au ni nozeli za kupuliza mafuta zinazofanya kazi yake salama salimini. Kinachozitenganisha ni nini huuwasha mlio na nini huuzima. Ukiyajua hayo mawili, hakuna fundi atakayekubadilishia spea kwa kubahatisha.

Injini ya petroli iliyopata moto, bila kukanyaga mafuta, huzunguka kama mara 600 hadi 800 kwa dakika. Mwendo ukiwa mdogo hivyo presha ya oili hushuka, na mapigo ya injini huachana kiasi cha kutikisa kila kilicholegea. Ndiyo maana kasoro nyingi hujificha ukiwa barabarani na kujitokeza ukisimama.

Tafuta tochi, bisibisi ndefu, kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mita moja hivi, chupa ya kunyunyizia maji, na mtu wa kukaa kwenye usukani. Egesha uwanjani, si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wa egzosti una monoksidi ya kaboni, sumu isiyo rangi wala harufu. Vuta handibreki, weka kigingi kwenye gurudumu. Kama umevaa kanzu, ivue. Leso, mtandio na mikono mipana ya buibui visikaribie mkanda wa injini. Feni ya rejeta nayo ni ya umeme kwenye gari nyingi, na yaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Hatua ya 1: Oili, kisha stati ya asubuhi

Gari lilale usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kupiga stati, chomoa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa chini ya alama, jaza kwanza. Milio mingi ya juu ya injini huishia hapo.

Sasa piga stati na usikilize dakika ile ya kwanza. Vyuma vikigongana kwa sekunde moja mbili kisha vikanyamaza, mara nyingi ni cheni ya taimingi inayongoja presha ya oili ifike kwenye kifaa kinachoikaza. Probox na Fielder za injini ya 1NZ zina cheni, kwa hivyo mlio huu tunauona sana. Ukianza kurefuka wiki hadi wiki, usiungoje. Tik tik inayofifia kadiri injini inavyopata moto ni jambo jingine: hapo naangalia gasketi ya egzosti pale inapoungana na injini, maana chuma kikipata moto hutanuka na kuziba ufa. Mulika tochi utafute masizi meusi.

Kuna mafundi wakisikia tik tik humimina oili nzito ya 20W-50 kwenye injini iliyoundiwa oili nyepesi ya 5W-30. Mlio hupungua, sikatai. Lakini oili nzito hupanda polepole kwenye valvu asubuhi, na kilicholika kinaendelea kulika. Huko ni kumziba shahidi mdomo.

Hatua ya 2: Washa, zima, kimoja kimoja

Hii ndiyo hatua ninayoipa muda mwingi, nayo haihitaji spana. Geuza kitu kimoja tu kwa wakati, kisha sikiliza.

Anza na AC, maana kwa joto letu huku haizimwi. Ule mdundo mmoja wa "tak" kila kompresa inaposhika ni wa kawaida. Mkwaruzo unaoanza AC ikiwaka na kukoma ikizimwa ni wa kompresa yenyewe. Na ukikuta kinyume chake, yaani gari lalia AC ikiwa imezimwa na kunyamaza ikiwashwa, shuku beringi ya puli ya kompresa, yaani gurudumu linalozungushwa na mkanda. Hiyo hubadilishwa peke yake kwenye kompresa nyingi, kwa hivyo usikubali haraka kuuziwa kompresa nzima.

Zungusha usukani kidogo kushoto na kulia. Mngurumo ukizidi, kagua majimaji ya usukani kabla ya kuilaumu pampu.

Kwa gari la otomatiki, kanyaga breki kwa nguvu, weka D, kisha rudi N; asisimame mtu mbele wala nyuma. Dashibodi ikitetemeka kwenye D na kutulia kwenye N, angalia mauntini za injini, yaani mipira inayoishikilia. Kwa gari la gia za mkono, likiwa nyutro, kanyaga klachi. Mlio ukianza ulipokanyaga, ni beringi ya klachi. Ukikoma ulipokanyaga, yaelekea ni beringi ndani ya gia boksi.

Hatua ya 3: Maji kwenye mkanda

Kwa mlio mwembamba wa "wiii", nyunyizia maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji, ukisimama mbali na feni. Ukinyamaza kidogo kisha ukarudi, puli hazijapangana sawa au mkanda umechakaa. Ukizidi, mkanda umelegea na unateleza. Usipake grisi wala sabuni.

Hatua ya 4: Sikiliza mdundo

Kamshafti, ekseli ya juu inayofungua valvu, huzunguka nusu ya mwendo wa krenkshafti, ekseli ya chini inayozungushwa na pistoni. Injini ikiwa kwenye mizunguko 700, kasoro ya valvu moja itagonga karibu mara 6 kwa sekunde; kitu kinachofuata krenkshafti kitagonga karibu mara 12. Huhitaji kuhesabu. Gonga kidole pamoja na mlio, utajua kama ni wa polepole na mwepesi juu, au wa haraka na mzito chini.

Mlio mzito wa kugonga chini ya injini, hasa taa nyekundu ya oili ikiwaka, hauna majaribio zaidi. Zima injini, ita brekidauni. Kulipeleka gari "taratibu tu" kutoka Bamburi hadi Changamwe kwaweza kugeuza kazi ya beringi kuwa ya injini nzima.

Hatua ya 5: Bisibisi sikioni

Gusisha ncha ya bisibisi kwenye mwili wa oltaneta, kisha pampu ya maji, kisha mahali puli ya kukazia ilipofungwa, bila kugusa kinachozunguka. Mpini uubane kwenye mfupa wa sikio. Beringi nzima huvuma laini. Iliyokufa hukwaruza. Kwa mlio wa "sss" tumia mpira wa maji: ncha moja sikioni, nyingine uipitishe kwenye mipira ya vakyumu, ile myembamba inayovutwa hewa na injini. Ukibana mpira kwa kidole na mlio ukabadilika, umeupata.

Hatua ya 6: Chini ya gari

Huku pwani hewa ya chumvi hula bati za kukinga joto zilizofunika egzosti. Bolti huoza, bati hubaki likining'inia, na likitikisika utadhani injini imekwisha. Zima, ngoja ipoe, kisha gonga bomba lote kwa ngumi. Ikiwa ni bati, klipu kubwa ya chuma ya mpira wa maji huikaza kwa bei ndogo sana. Ikiwa chenga zinacheza ndani ya katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba, hilo si la klipu.

Na milio mingine iache ilivyo: tik tik kavu ya nozeli kwenye injini za Toyota za D-4 (zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda), mvumo wa feni AC ikiwaka, na mlio wa kugonga wa dizeli asubuhi ikiwa bado baridi.