Kubadilisha fyuzi kuu iliyoungua katika Toyota Corolla ya zamani

Fyuzi kuu haiungui bure. Katika Corolla za miaka ya 1990, ambazo bado ni nyingi katika barabara za Dar es Salaam na Mombasa, sababu ninayokutana nayo mara nyingi ni betri iliyofungwa kinyume, au nyaya za kuboosti zilizobanwa na mtu mwenye haraka, gizani, chanya ikaenda kwenye hasi. Kosa hilo la sekunde moja hukata umeme wa sehemu kubwa ya gari hata kama betri yenyewe ni nzima.

Anza kwa kupima betri kwa mita ya umeme, kwa kuwa betri iliyokufa huleta dalili zinazofanana na hizo. Iliyojaa husoma takriban volti 12.6 gari likiwa limezimwa. Ikiwa ni nzima, fungua kisanduku cha fyuzi kilichomo ndani ya boneti, utafute fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT kwenye mfuniko (kifupi cha altaneta, mashine inayochaji betri injini ikiwaka), ambayo kwa kawaida ni ya ampea 100. Ina kidirisha cha plastiki angavu, na ndani yake kuna utepe mwembamba wa chuma. Ukiungua, utepe hukatika katikati na kidirisha mara nyingi huingia weusi kama kioo cha kandili kilichofuka moshi. Usiyaamini macho peke yake: shikiza ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri, kisha uguse kila upande wa fyuzi kwa ncha nyekundu. Upande mmoja ukisoma volti 12 na wa pili sifuri, fyuzi imekatika.

Sasa zima swichi na ufungue kichwa cha hasi cha betri kwa spana namba 10, ukisogeze mbali. Usiruke hatua hii, maana waya wa upande wa betri hauna kinga nyingine mbele yake, na spana ikigusa bodi itatoa cheche za kuunguza mkono.

Hapa ndipo wengi huharibu. Fyuzi ndogo huchomolewa kwa vidole, lakini hii imekazwa kwa boliti mbili, na anayeivuta kwa koleo kutoka juu huvunja kisanduku kizima, ambacho plastiki yake imekauka kwa joto la injini la miaka mingi. Toa kisanduku kwenye kishikilio chake, ukiinue taratibu bila kuvuta nyaya, ubanue mfuniko wa chini au wa kando, ndipo uzifikie boliti hizo na kuzifungua.

Kabla ya kuweka fyuzi mpya, hakikisha hakuna shoti, yaani umeme unaopita njia ya mkato. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21 yenye nyaya mbili, uziunge mahali palipokuwa na fyuzi, funga milango yote, kisha urudishe hasi ya betri. Balbu ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo. Fungua hasi tena, toa waya mnene ulio nyuma ya altaneta, uufunge vizuri kwa utepe wa umeme, halafu urudie jaribio: balbu ikizimika, diodi za altaneta (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zimeungua, jambo la kawaida baada ya betri kufungwa kinyume, na altaneta lazima itengenezwe kwanza.

Balbu isipowaka, au ikitoa mwanga hafifu tu, fungua hasi, safisha vichwa vya nyaya kwa msasa, ufunge fyuzi yenye ampea zilezile. Nakusihi usifunge waya wa shaba badala yake, hata kwa safari ya kufika nyumbani. Fyuzi imewekwa iungue yenyewe ili nyaya zipone, na waya wa shaba usiokatika huuacha moto utafute njia chini ya dashibodi, mahali ambapo watu wamekaa. Kaza boliti ziwe imara, kwa sababu boliti iliyolegea hupata joto na kuyeyusha plastiki.

Rudisha kisanduku na hasi ya betri, kisha uwashe injini na kupima betri tena. Usomaji wa kati ya volti 13.8 na 14.5 unaonyesha kwamba altaneta inachaji. Ukibaki chini ya 13, gari lipelekwe kwa fundi umeme kabla betri haijaisha njiani.