Anza na kamba kumi: namna ya kudumu na mwani

Wasichana wa hapa Paje, Unguja, wakija kuniuliza mwani unaanzwaje, huwauliza kwanza: leo mwezi mwandamo ngapi? Hucheka. Lakini mwani haujui Jumatatu wala Ijumaa. Bahari hupwa sana mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku nne tano hizo za bamvua ndizo siku zako za kazi. Huku kwetu maji huwa chini kabisa mnamo saa nne asubuhi. Ukisema umalizie kufua kwanza, yamesharudi.

Anza na kamba kumi, zile za kufungia mwani, zinazovutwa baina ya vigingi. Mimi nilianza na hamsini, kwa kuwa jirani yangu alikuwa na hamsini. Bamvua ya pili mtoto akashikwa na homa, nikashuka pwani siku moja tu. Kamba ishirini sikuzigusa. Zikaota majani pori, zikasukana, wimbi likazibeba na vigingi vyake. Kamba kumi utazimaliza hata siku ambayo usiku hukulala. Zikipita bamvua nne na hujaruka hata kamba moja, ongeza tano.

Vigingi viwe vya mti mgumu, uvigongelee pahala ambapo bahari ikipwa bado pana maji, mwani usibaki mkavu juani. Mbegu, yaani vipande vya mwani wenyewe, zifunge ukiwa umekaa kivulini, umezilowesha maji ya bahari: kila shibiri moja taitai moja, kile kiuzi cha kufungia, na kila taitai kichane cha kujaa ngumi. Usikaze, ukikaza, shina linakatika lenyewe. Na vaa viatu. Taa hujifukia mchangani, na mwiba wake hauna msamaha.

Sasa sehemu inayowashinda wengi. Bamvua ya kwanza baada ya kupanda hakuna cha kuvuna, na ya pili pia hakuna. Unakwenda kutikisa kamba tu, mchanga uanguke, kung'oa majani pori na kufunga vilivyokatika. Wenzio watakuuliza unafuata nini huko. Bamvua ya tatu, wiki ya sita, ndiyo mavuno. Nikikuta shamba lina mapengo, najua mwenyewe bamvua mbili zile alikuwa nyumbani.

Kabla hujauza hata tawi, tenga mbegu kwanza, ncha changa zenye afya. Hapo usinibishie.

Kaskazi, majira ya joto, ni habari nyingine. Maji yanapata moto, matawi yanageuka meupe na kumeguka mkononi. Mwani wa aina nene, wenye bei nzuri, ndio hutangulia kufa. Ndiyo maana wengi wetu tumebaki na mwembamba. Mwaka mmoja safu yetu nzima walivunjika moyo, tukabaki wawili. Sikutafuta mavuno miezi ile. Nilipunguza hadi kamba tano, nikazisogeza kwenye maji ya kina zaidi, nikawa nakwenda kuziangalia kama mtu anayeuguza. Kilo za kuuza sikupata. Kusi lilipoanza kuvuma, mbegu zilikuwa kwetu sisi wawili, na walioacha wakaja kuomba kwetu. Tuliwapa, ni majirani.

Kukausha: juu ya chanja au jamvi, usiuanike mchangani, maana mnunuzi akiona mchanga anakata kilo bila kukuuliza. Usishangae mzigo ukinywea. Magunia kama saba mabichi hunipa moja kavu, na mara ya kwanza nililia.

Nina daftari la shule, la mwanangu, halikuisha. Naandika mambo mawili tu: siku nilizoshuka pwani na kilo nilizouza. Mwezi wa kilo chache, kabla ya kulaumu bahari, nafungua ukurasa wa wiki sita nyuma nihesabu siku. Mara nyingi nakuta harusi, au uvivu wangu. Ukija, nitakufungulia ukaone.